Kurasa Mbili kwenye Diski ya Sudha

Watu wakimtaja Sudha wa Stanmore husema, "Yule mama aliyekuwa anapiga chapa." Mimi hukasirika. Kupiga chapa anaweza yeyote mwenye vidole na subira. Sudha alikuwa anakaa nawe, wewe unasema Kiswahili, yeye anaandika Kiingereza papo hapo bila rasimu, macho yake kwenye skrini na si usoni kwako. Ukikwama anangoja. Ukilia anangoja. Ukimaliza anauliza, "Halafu?" na vidole vinaendelea. Nimeona watu wakimwambia mwanamke yule mambo ambayo hawakumwambia shekhe wala daktari.

Na alikuwa hatupi karatasi. Chini ya ngazi ya nyumba yake palikuwa na sanduku la bati lililokuja naye kutoka Kisumu, na ndani yake nakala ya kila barua aliyowahi kumwandikia mtu. Mumewe, Praful, alikuwa akisema iko siku sakafu itazama kwa uzito wa shida za watu. Sudha hakucheka wala hakupunguza hata karatasi moja. Mimi nilidhani ni ubahili tu wa watu wa Kisumu. Nilikuwa sijui kitu.

Aliingia London Februari ya 1968, miongoni mwa wale Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza waliokuwa wanakimbizana na sheria. Serikali ya hapa ilikuwa inataka kuufunga mlango, na kila ndege kutoka Nairobi ilijaa mpaka kiti cha mwisho. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, sweta moja, cheti cha taipu, na taipureta ndogo aliyoipakata safari nzima kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kuishika. Wiki ya pili tu akapata kazi ya taipu katika ofisi moja Wembley. Akakaa hapo miaka kumi na saba, mchana anapiga barua za bosi, saa ya chakula anawaandikia watu za kwao.

Mwaka 1985 zilipotoka zile kompyuta za nyumbani za Amstrad, zenye maandishi ya kijani, printa yake na ile programu ya kuandikia iliyoitwa LocoScript, Sudha alinunua moja, akaacha kazi na kuiweka chumba cha mbele, kando ya dirisha. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba na mimi pia nikamwita hivyo, aliitia nukta nyekundu ya baraka ubavuni kama kitu kipya chochote kinachoingia nyumbani, kisha akaishonea kifuniko cha kitambaa cha maua. Walioiona mashine ile kwa mara ya kwanza walidhani ni televisheni iliyoharibika.

Mimi nilifika kwake Juni ya 1986. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nikikaa Peckham na mume wangu Ameir. Sote wawili ni watu wa Unguja. Ameir alikuwa ameandikiwa barua kwamba aondoke nchini. Rufaa ilikuwepo, lakini maelezo yake yalitakiwa yafike kwa maandishi, yamepigwa chapa na kutiwa saini kila ukurasa, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Wakili wetu, mwanamke mmoja anayeitwa Jennifer, wa kituo cha msaada wa sheria karibu na stesheni ya Finchley Road, ndiye aliyetupa anuani ya Sudha. Alituambia jambo moja na akalirudia: kila kilichompata Ameir kule Unguja alikoshikiliwa, miaka minane nyuma, kiwemo. Bila hicho, alisema, hakimu ataona mtu aliyeitwa kuulizwa maswali kisha akarudi kwake salama. Bila hicho, Ameir atapandishwa ndege.

Jumanne Ameir akaenda kusema, nami nikamsindikiza. Mlangoni aliniambia, "Mardhiya, weye kaa jikoni." Nikakaa jikoni na Ba, nikamsaidia kuchambua mchele, na kwa saa tatu nikasikia kibodi ikigongwa na sauti ya mume wangu ikipanda na kushuka nyuma ya mlango, neno nisilipate hata moja. Ndiyo, nilitega sikio. Yeyote angetega. Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu na mikono imelowa jasho. Sudha alitoka nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akafungua maji na kuyaacha yakitoka tu.

Alhamisi jioni Ameir akabadili mawazo. Tulikuwa tunakula. Akasema bila kuniangalia, "Kesho ukenda kwa Sudha, mwambie azitoe zile kurasa mbili. Ya nne na ya tano. Azifute kabisa, zisibakie mle kwenye mashine."

"Jennifer kasema kila kitu kiwemo."

"Mie nshasema. Na weye usizisome."

Nilimwambia kwamba anajipeleka mwenyewe kwenye ndege. Nilimwambia na mengine ambayo sikupaswa kumwambia mtu aliye mezani. Alikunja mkate wake, akala, akaenda kulala kwa kunipa mgongo. Mgongo ule una makovu. Alikuwa ameniambia siku ya kwanza kwamba aliyapata kwa kuanguka na baiskeli, na miaka saba nilikuwa nimelala karibu nayo.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa Stanmore. Nikamfikishia Sudha maneno ya Ameir kama yalivyo.

"Wewe umesoma?" akaniuliza.

"Sijasoma."

"Na anataka nifute kabisa?"

"Kabisa, dada Sudha. Asubuhi hii hii."

Basi akafanya mbele yangu. Kompyuta ile ilikuwa na mahali pawili pa kuweka kazi. Pa kwanza ni diski, kidude kigumu cha inchi tatu unachokichomeka pembeni ya skrini. Pa pili paliitwa M, na hapo ni ndani ya mashine yenyewe. M ilikuwa na haraka zaidi kuliko diski, ingawa umeme ukikatika kilichomo hupotea, kwa hiyo Sudha alinakili maelezo yale kwenye M, akazikata zile kurasa mbili, kisha akaifuta ile nakala ya Jumanne kutoka kwenye diski. "Ona," akasema, "jina lake haliko kwa list." Nikaona. Nikatikisa kichwa kukubali, kama hakimu.

Kuanzia hapo tukafanya kazi. Jennifer alikuwa ameleta orodha ndefu ya mambo yaliyopungua: tarehe, majina ya mitaa, nani alimwona Ameir siku aliyotoka, meli gani, nani alimpokea Mombasa. Mimi nasema, Sudha anaandika. Mpaka saa sita na nusu kila kitu kilikuwa kimekaa sawa, kurasa tano safi, bado kuchapisha tu. Ndipo Sudha akasimama akavaa koti.

"Hii disc imejaa," akasema. "Naenda kununua ingine hapo barabarani, dakika ishirini. Nikirudi nasave, naprint, unaenda. Mardhiya, hii mashine usiguse. Kazi yako yote iko kwa memory, bado haiko kwa disc. Hata simu ikilia, wacha ilie."

"Siigusi."

"Usiguse kitu chochote."

"Dada Sudha, mimi si mtoto," nikamwambia.

Mbingu ilikuwa imefunga tangu asubuhi, joto lile la London linalokuja na uzito. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini, mikono mapajani, nikiyatazama maandishi ya kijani bila kuyagusa. Saa saba kasoro kidogo chumba kikaingia giza. Kisha radi ikapiga. London radi huwa inanguruma mbali, kama mtu wa juu anasogeza kabati. Ile ilipasuka juu ya paa letu hasa, na madirisha yakatetemeka.

Ba akatoka jikoni na mashuka mawili begani. Alikuwa na miaka sabini na kitu, ameishi Kisumu hamsini kati ya hiyo, na Kisumu radi si ya kufanyia mchezo. Alishawahi kuona redio ya duka la kaka yake ikiwaka moto ukutani. "Chomoa!" akasema, huku akikifunika kioo cha ukumbini. "Binti, chomoa! Yote!"

Na mimi je? Mimi nimelelewa na mama ambaye ngurumo ikisikika tu, redio inang'olewa, kabati la kioo linafunikwa kanga, na watoto wanakaa katikati ya chumba mbali na madirisha. Nimelelewa pia kwamba mtu mzima hakwambii jambo mara mbili. Ba ni Mhindi na mimi ni Mswahili, yeye ana miungu yake na mimi nina sala zangu, lakini radi ilitulea namna moja. Nikapiga magoti. Nikachomoa televisheni. Nikachomoa taa ya mezani. Nikachomoa na plagi ya tatu.

Kijani kikazimika. Nilikuwa bado nimeishika ile plagi mkononi, ya moto kidogo, ndipo nilipokumbuka.

Nilirudisha haraka, kama mtu anayerudisha kikombe alichokwisha kukivunja. Skrini ikawaka, tupu, inang'aa, haina hata herufi moja. Ba akasimama mlangoni na shuka lake. Aliuona uso wangu, na nadhani alielewa kabla sijasema kitu. "Mimi nilisema chomoa," akanong'ona. "Mimi."

Sudha akaingia saa saba na dakika tano, amelowa chapachapa, diski mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Aliitazama skrini. Akaitazama mistari ya shuka kwenye kioo. Akanitazama mimi niliyekuwa bado chini.

"Nani?"

"Mimi nilimwambia," alisema Ba.

"Mimi ndiye niliyechomoa," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningepata nafuu kama angepiga kelele. Alikaa kwenye kiti, maji yakimdondoka, akauweka ule mfuko mezani.

Nikainuka nikapiga simu kazini kwa Ameir, dobi la hospitali, ili aje aseme upya. Mtu wa huko akanijibu kwamba wafanyakazi hawaitwi kwenye simu, atatoka zamu saa tisa na nusu, kisha akakata. Na hata angekuja, nilijua hatasema. Alisema mara moja kwa nguvu alizokuwa anazikusanya miaka minane. Saa saba na robo. Kurasa tano za asubuhi zimepotea, na za Jumanne zimefutwa kwa agizo langu, mbele ya macho yangu, nikitikisa kichwa. Mume wangu atapandishwa ndege kwa sababu niliogopa radi.

Nikamgeukia Sudha. Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo nilivyo. Nikamwambia, "Wewe miaka yote hii unafanya kazi, hujui kuweka kitu kabla hujatoka? Diski imejaa, ungefuta barua ya mtu mwingine! Unaweka takataka za watu kutoka mwaka sitini na nane, ukakosa nafasi ya Ameir!"

Ba akasema jambo kwa Kigujarati, kwa ukali. Sudha akamwinulia mkono anyamaze. Kisha akachukua diski ya programu, akaichomeka, na mashine ikaanza kuamka polepole, ikikwaruza. Akaitoa. Akachomeka ile diski iliyojaa, yenye kazi za watu. Orodha ya majina ikajipanga. Jina la Ameir halikuwemo.

"Nafasi ilikuwepo," akasema. "Ya kutosha. Nilikudanganya."

"Umenidanganya nini?"

Sudha akabonyeza kitufe, orodha ndogo ikashuka juu ya skrini, akachagua mstari mmoja. Majina yakaongezeka. Moja baada ya moja yakajitokeza kati ya yale ya kwanza, mengine sikuyajua kabisa, na la tatu kutoka chini lilikuwa la Ameir.

Nilikuja kuelewa baadaye. LocoScript ilikuwa na desturi yake: ukifuta kitu hakiondoki papo hapo. Kinakwenda mahali walipopaita limbo, hakionekani kwenye orodha, na kinakaa huko mpaka nafasi yake itakapohitajika kwa kitu kipya. Ukiweka kazi mpya kwenye diski iliyojaa, mashine inavitupa vya limbo ili kupata nafasi, na hiyo ndiyo nafasi aliyosema ilikuwepo. Sudha alijua. Asubuhi alipoifuta kazi ile mbele yangu, alijua iko wapi. Na alikataa kuiweka kazi mpya juu ya diski ile, kwa sababu ingeiua ile ya Jumanne. Ndiyo maana alitoka kwenda kununua nyingine.

"Ameir alisema ifutwe kabisa," nikasema. Sauti yangu haikuwa na ukali tena.

"Najua alisema nini. Kosa ni yangu pia, Mardhiya. Sasa kaa. Tuko na masaa mbili na nusu."

Akairudisha ile ya Jumanne kutoka limbo, akaifungua, na safari hii hakuifungulia kwenye M. Aliifungulia kwenye diski mpya, taratibu yake yote, na kila baada ya aya moja alisimama akahifadhi. Mimi nilikuwa na orodha ya Jennifer mkononi, na kumbukumbu ya asubuhi bado iko moto. Tukajaza upya. Tarehe. Mtaa. Meli. Mvua ilikuwa inapiga kioo, na Ba alikuwa amekaa mlangoni, anachunga ukuta wa plagi kama askari, ili mtu yeyote asiukaribie, na yeye mwenyewe akiwamo.

Saa nane na robo tukafika chini ya ukurasa wa tatu. Sudha akasimamisha kidole.

"Geuka," akasema.

"Sigeuki."

"Ameir hataki usome."

"Ameir hataki mengi."

Kiingereza changu hakikuwa kizuri sana wakati ule, lakini kilitosha. Sitaandika hapa kilichokuwemo. Ni cha Ameir. Nitasema tu kwamba mle ndani hakukuwa na baiskeli yoyote. Nilisoma kurasa zote mbili, mstari kwa mstari, na kijani kile kikanikaa machoni siku kadhaa kila nilipoyafumba.

Sudha alisubiri. Vidole vyake vilikuwa karibu na kile kitufe cha kukatia. "Sasa useme wewe," akaniambia. "Nikate? Bwana yako amesema ikatwe. Wakili amesema iwe ndani. Saa ni nane na nusu."

"Ungekuwa wewe?"

Hapo ndipo aliponieleza habari za Harish, bila kuyatoa macho kwenye skrini, kama vile anamwandikia mtu mwingine. Harish alikuwa kaka yake, mkubwa wake kwa miaka miwili. Mwaka ule wa 1968 alibaki Kisumu ili amalizie mali ya baba yao, na wiki mbili baada ya Sudha kufika, mlango ukafungwa. Ikabidi aombe ruhusa na kungoja kwenye foleni. Sudha ndiye aliyemwandikia ombi, kwenye ile taipureta, jikoni kwa watu. Harish alikuwa na kifafa. Tangu utotoni alikuwa hawezi kulala nyumba peke yake. Lakini mama yao aliandika kutoka Kisumu akiomba kwa Mungu neno hilo lisitiwe kwenye karatasi yoyote, kwa sababu likijulikana, dada wawili waliobaki hawataolewa.

"Kwa hivyo sikuandika," alisema Sudha. "Barua yangu ilikuwa safi sana. Hakuna kosa hata moja. Walisoma wakaona kijana mzima, hana mke, hana shida, anaweza kungoja. Mama akafa, dada wakaolewa, yeye akabaki kwa chumba ya kupanga. Mwaka wa sita alianguka bafuni. Walimpata siku ya pili." Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. "Nakala ya carbon ya hiyo barua iko chini ya ngazi. Iko juu kabisa. Kila nikiweka ingine, natoa hiyo kwanza, halafu narudisha juu."

Nilimwomba msamaha kwa lile neno la takataka. Alisema tuangalie saa.

Sikuweza kusema kata. Sikuweza kusema acha pia, kwa sababu maneno yale hayakuwa yangu, na mwenyewe alikuwa amenikataza. Nikamwambia hivyo. Nikaona Sudha anafanya jambo ambalo mpiga chapa wa kawaida asingelifikiria. Alitengeneza kurasa ili wa tatu uishe kwa sentensi kamili, wa nne na wa tano zisimame peke yake, na wa sita uanze upya bila kutegemea cha nyuma. Kisha akapanga kuchapisha kurasa mbili za mwisho mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa na namba sita na saba. Mara ya pili zikiwa na namba nne na tano.

"Akitaka ndefu, iko," akasema. "Akitaka fupi, anatoa hizi nne za mwisho, anaweka hizi mbili. Hakuna mtu atajua. Atachagua na mkono yake."

Printa ile ilikuwa inakula karatasi moja moja. Unaiingiza kwa mkono, inasaga mstari kwenda, mstari kurudi, kwa kelele ya kutia meno ganzi, halafu unangoja, unaitoa, unaingiza nyingine. Karatasi tisa. Ya tano iliingia upande, ikabidi irudiwe. Radi ilipiga tena, mbali kidogo, na sote watatu tukaiangalia plagi. Hakuna aliyesogea. Ba alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Saa kumi kasoro dakika ishirini nilikuwa mlangoni, karatasi zimo ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya blauzi yangu. Nilikimbia mpaka stesheni. Treni ilikuwepo lakini ilikaa Wembley Park dakika kumi na moja, nilizihesabu, kwa sababu ya maji kwenye reli. Nilikuwa nimeukumbatia mfuko ule mbele ya Waingereza na magazeti yao na sikujali.

Nilipofika ofisini kwa Jennifer ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Ameir alikuwa amekaa, bado na harufu ya sabuni ya dobi. Jennifer alishavaa koti. Mahali pa kupeleka ni mwendo wa dakika kumi, alisema, na huko dirisha hufungwa saa kumi na moja kamili.

Nikamwekea Ameir karatasi zote mezani, mafungu mawili. Nikamweleza kwa Kiswahili, haraka: radi, plagi, mkono wangu, limbo, namba za kurasa. "Zile mbili zimerudi," nikamwambia. "Ukizitaka zimo. Huzitaki, hizi hapa za kubadilisha. Mie sikukuchagulia."

Akasoma. Jennifer aliangalia saa, akaniangalia mimi, asimharakishe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Ameir alifika ukurasa wa nne, akaukaa muda mrefu. Akaufunua wa tano. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Nilikuwa nimeushika mgongo wa kiti chake kwa mikono yote miwili, na nilikuwa naogopa akitoa na naogopa akiacha.

Akachukua zile mbili fupi, zenye namba nne na tano za uongo, akazikunja mara nne, akazitia mfukoni. Kisha akaomba kalamu. Alitia saini kurasa saba, mmoja baada ya mwingine.

Majibu yalikuja baada ya miezi minane, na Ameir akapewa ruhusa ya kukaa. Zile karatasi mbili alizozikunja nilimpelekea Sudha mwenyewe Stanmore, na bakuli la mahalabiyya, ule uji mtamu wa maziwa. Alizinyoosha kwa kiganja, akaenda nazo chini ya ngazi. Aliendelea kuwaandikia watu mpaka macho yalipomkatalia, akabadili mashine mara nne, na sikusikia tena amepoteza kazi ya mtu. Ba alichora nukta nyekundu ukutani, juu ya soketi ile, na tangu hapo hata yeye mwenyewe hakuigusa, inyeshe isinyeshe.

Lakini jioni ile ya Ijumaa, Jennifer alipokwisha kukimbia na bahasha, mimi na Ameir tulishuka ngazi za ofisi ile polepole, mvua imekatika. Katikati ya ngazi akasimama.

"Umesoma," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimesoma."

Akaushika ukuta. "Serikali ya hapa sikuwa na haja ya kuificha, Mardhiya. Ningewasomea mwenyewe, neno kwa neno. Nliyekuwa namficha ni weye."

Watu walikuwa wanapanda na kushuka, wanatupisha kwa adabu yao ya kutokuangalia. Lililonijia ni jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza ya ndoa yetu, nikalala nalo miaka saba, nisilitamke.

"Ameir," nikamwambia, "wewe hata kupanda baiskeli hujui."

Akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Nikakaa naye.